Maneno ya Leso ya Bi Riziki

Kwanza niungame upumbavu wangu, mengine yafuate: nilitumwa leso, nikaleta leso nyingine. Hivyo tu. Sikuiba, sikupigana, sikuchoma nyumba ya mtu. Nilisimama dukani Ukunda nikanusa ile harufu ya leso mpya (wengine huiita kanga), harufu ya wanga na rangi na kitu kama mafuta ya taa kwa mbali, ambayo mpaka leo nikikutana nayo navuka barabara. Kisha nikaonyesha kwa kidole ile ambayo sikutumwa, nikacheka peke yangu njia nzima mpaka kwetu Bongwe. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mimi nilibeba kidonda ndani ya mfuko wa nailoni, kimekunjwa vizuri kwa pasi ya kiwandani, nikidhani nimebeba mzaha.

Najua, mtu wa kidato cha kwanza kuandika kumbukumbu za utotoni ni kama kifaranga kuandika kumbukumbu za yai, na ganda bado limemganda kichwani. Lakini utoto wangu naujua ulipoishia. Uliishia mwaka jana, Alhamisi moja baada ya alasiri, nikiwa darasa la nane. Mvua za Elnino zilikuwa zimekwisha, lakini ardhi ilikuwa bado haijasahau. Ukichimba kishimo cha kuchezea gololi kinajaa maji kabla hujalenga. Mahoteli ya Diani yalikuwa matupu, wazungu wameadimika, na wanawake wa kwetu waliozoea kushona makuti ya kuezekea mahoteli hayo walikaa na makuti yao yamerundikana uani, hayana mnunuzi, yanaota ukungu. Mama alikuwa mmoja wao. Mikono ilipokosa kazi, midomo ikapata. Wakakaa wakazungumza, na katika mazungumzo hayo ndipo lilipozaliwa wazo la kumtunza Bi Riziki kwa kumvika leso.

Bi Riziki alikuwa jirani yetu na shoga yake Mama. Hapa nisimame kidogo, maana neno hili lina pande mbili kama kisu cha mganga. Kwetu pwani mwanamke humwita rafiki yake mwanamke shoga: njoo shoga yangu, naomba chumvi shoga yangu, wala hakuna anayegeuza shingo. Neno lilo hilo ukimrushia mwanamume, ni jiwe. Sisi wavulana tulitembea na mifuko imejaa mawe hayo. Kazi ya Bi Riziki ilikuwa usomo. Kila msichana wa kijiji aliyeolewa, yeye ndiye aliyemweka ndani na kumfunda mambo ya unyumba. Kwa hiyo nusu ya wanaume wa Bongwe walikuwa wakila matunda ya mafunzo yake, na nusu iyo hiyo ndiyo iliyomsema vibaya barazani. Walimwita Wakili. Hawakumwita hivyo kwa heshima.

Nyumba yake ilikuwa na chumba cha nyuma chenye mlango wake uani, na humo waliishi, kwa kupokezana, watu waliofukuzwa kwao: vijana waliojulikana kwamba wanawapenda wanaume wenzao, na safari moja wasichana wawili wa Msambweni waliogunduliwa wakipendana wenyewe kwa wenyewe. Wengine walikaa siku mbili, wengine mwaka. Bi Riziki alimpa kila mmoja mkeka, akamuuliza jina la mama yake na mahali anapokaa, kisha akajitanda na kwenda kwa huyo mama. Huo ndio uliokuwa uwakili wake. Hakuwa na ofisi wala cheti, hakujua hata kuandika jina lake; alikuwa na miguu miwili na ulimi mmoja. Angefika kwa watu, akae barazani bila kukaribishwa, aseme, “Nimekuletea salamu za mwanao. Anakula. Jana alikutaja.” Angefukuzwa, na wiki ijayo angerudi kama mdai wa mchango wa kikoa. Baba mmoja wa Tiwi aliwahi kummwagia ndoo nzima ya maji. Alifika kwetu amelowa chapachapa, akamwambia Mama, “Shoga, leo nimeogeshwa bure, na hata sabuni sikutoa.” Walicheka mpaka Mama akashika mbavu. Lakini baadaye, alipodhani hakuna anayemtazama, nilimwona Bi Riziki akikamua ncha ya leso yake polepole, uso hauna kicheko hata chembe.

Aliyekaa chumba kile kuliko wote alikuwa Rama, kijana wa Waa, mpishi wa harusi. Watu walimtukana mchana na kumwajiri jioni, maana pilau ya Rama haikuwa na mfano. Ungeinusa karafuu yake ukiwa ng’ambo ya shamba la mikorosho, na miguu ikakupeleka kabla akili haijakubali. Alikuwa mrefu, mwembamba, anatembea kama mtu anayecheza ngoma anayoisikia peke yake. Mimi nilikuwa bingwa wa kuuiga mwendo huo. Alikuwa akipita, nami nyuma yake, kiuno huku, bega kule, na wenzangu chini kwa vicheko. Siku moja aligeuka ghafla akanikuta katikati ya maonyesho. Hakukasirika. Alinitazama juu mpaka chini kama fundi anayekagua kazi ya mwanafunzi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka dukani, “Hamisi, mwanangu, kama ni kuniiga, niige vizuri. Kiuno hakikai mabegani.” Wenzangu waligeuza kicheko chao kikanielekea mimi. Kwa muda wa miezi miwili jina langu shuleni likawa Kiuno Mabegani. Nikaweka kinyongo. Kinyongo cha mtoto ni kidogo, lakini na mdudu wa sikio naye ni mdogo.

Kabla ya mambo ya leso, vijana fulani walimpiga Rama sokoni wakamvunja jino. Jumatatu yake Bi Riziki alikwenda kwenye baraza la chifu, na sisi watoto tukajazana madirishani, maana hakukuwa na sinema nyingine. Wanaume walikuwa wamejaa. Mmoja akapaza sauti, “Wakili wa mashoga huyo amefika!” Bi Riziki akamgeukia pole pole. “Nina mashoga arobaini hapa kijijini,” akasema, “na mkeo ni mmoja wao. Nisikutajie anayoniambia.” Baraza zima likapasuka kwa kicheko, na yule bwana akatafuta kitu cha kutazama sakafuni. Kisha Bi Riziki akafungua fundo kwenye pindo la leso yake, pale ambapo wanawake huweka sarafu na tumbaku, akatoa jino akaliweka juu ya meza ya chifu. Kicheko kikakatika. “Chifu, wewe umesoma,” akasema. “Nisomee hili. Ni jino la mwanamume au la mwanamke? La mwema au la muovu? Mimi sikuja kuuliza Rama anampenda nani. Nimekuja kuuliza nani kamvunja jino mwana wa mtu.” Chifu alilisogeza jino lile kwa ncha ya kalamu. Alisema atalishughulikia. Hakulishughulikia. Waliompiga Rama wako kule kule kijijini, mmoja wao hata ameoa, na Bi Riziki ndiye aliyemfunda mkewe.

Ilivyokuwa, mama yake Rama ndiye mlango ambao Bi Riziki alibisha kwa muda mrefu zaidi. Bi Mwanamisi wa Waa, mwanamke mkavu, mwenye haya kubwa, aliyewahi kusoma mpaka darasa la saba enzi ambazo wanawake hawakusoma. Bi Riziki alikwenda kwake kila Alhamisi kwa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza hakujibiwa salamu. Wa pili alipewa maji. Wa tatu Bi Mwanamisi akauliza, huku anatazama kuku wake, kama Rama bado anakohoa wakati wa baridi. Bi Riziki alirudi siku hiyo anatembea kama Rama. Na mwishowe likaja jibu ambalo hakuna aliyelitegemea: Bi Mwanamisi atakuja Bongwe, Alhamisi baada ya alasiri, ale wali wa mwanawe, basi. Akauona moyo wake unaweza, atamchukua amrudishe nyumbani.

Sasa wanawake wale walikuwa werevu kuliko walivyosomea. Walijua mtu kama Bi Mwanamisi haambiliki kwa mdomo. Ukimwambia la moyoni uso kwa uso, haya itamfukuza. Asiyeambilika kwa mdomo huambiwa kwa pindo. Wakaamua siku hiyo hiyo wamtunze Bi Riziki kwa kumvika leso mbele ya watu, kama tunavyofanya kwetu kumheshimu mtu, lakini leso yenyewe iwe imebeba maneno ya kumwendea mgeni. Maneno waliyoyachagua baada ya siku tatu za mabishano yalikuwa haya: MWANA KWA MAMAYE HANA KASORO. Mama alikuwa ameambiwa leso hiyo ipo Ukunda, nyekundu na manjano, maua ya korosho. Mtu wa kuileta akawa mimi.

“Sema tena,” Mama alinisimamisha mlangoni.

“Mwana kwa mamaye hana kasoro.”

“Tena.”

“Mama, mimi si kasuku.”

“Kasuku hakosei. Tena.”

Hakuniambia ni ya nini. Nilijua tu ni ya kumtunza Bi Riziki, na ya Bi Mwanamisi yalikuwa mambo ya wakubwa, yakisemwa nikiingia hubadilishwa. Dukani mwenye duka alinitolea leso mbili pacha: nyekundu na manjano zote, maua ya korosho zote, pindo moja. Tofauti ilikuwa maandishi. Moja ilisema niliyotumwa. Ya pili ilisema MZIGO WAKO USINITWIKE. Shetani hakunisukuma, nisimsingizie, nilijisukuma mwenyewe. Nilimfikiria Bi Riziki, mbeba mizigo ya watu wa Kwale nzima, akitembea na maneno yale matakoni. Nikamfikiria Rama, aliyenipachika jina, akiyasoma asithubutu kumwambia. Na utamu zaidi: katika wale wanawake wote hakuna aliyejua kusoma, hata Mama. Ungekuwa mzaha wa mtu mmoja, wangu, nitafune peke yangu kama mtu aliyeficha sambusa wakati wa Ramadhani. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Nilikuwa nimeiandika methali hiyo kwenye insha wiki ileile, nikapata alama nzuri.

Alhamisi ikafika. Uani kwa Bi Riziki kulifagiliwa mpaka mchanga ukawa na mistari. Wanaume hawakualikwa, lakini mimi nilikuwa nje ya ua, nimetoboa tundu kwenye makuti yaliyoshonwa na mamangu mwenyewe. Rama alikuwa jikoni tangu asubuhi, hataki kutoka mpaka wali uwe tayari; alisema mama yake amuone na sinia mkononi, asimuone mikono mitupu. Kisha Bi Mwanamisi akaingia, buibui jeusi, kikapu mkononi kimefunikwa kitambaa. Vigelegele vikalia. Akakalishwa mbele, kwenye kiti pekee chenye mto. Nilishangaa. Ndipo nikamsikia mwanamke mmoja upande wangu wa ua akimnong’oneza mwenzake, “Huyo ndiye atakayesoma. Amesoma huyo. Maneno ni yake yeye.”

Natamani niseme kwamba damu iliniganda, lakini haikuganda. Ilipanda yote kichwani, masikio yakawa ya moto. Nilielewa kila kitu kwa mara moja, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akakosa kidato. Mama na wenzake wakaifungua leso, wakaishika pembe nne, wakaimba. Na kwa makusudi, kwa adabu, kama mtu anavyomgeuzia mgeni upande wa sinia wenye nyama, wakamgeuzia Bi Mwanamisi maandishi.

Niliona midomo yake ikisoma. Ilisogea kidogo kidogo, silabi kwa silabi, kama ya mtoto wa darasa la pili. Ikasimama. Ikasoma tena, nadhani akitumaini amekosea. Wanawake wakazidi kuimba, nyuso zimewaka, wanasubiri. Bi Mwanamisi aliushusha ukaya wa buibui usoni, akachukua kikapu chake, akainuka. Alisema neno moja tu, “Nimesoma,” akatoka. Alipita karibu na tundu langu. Nilisikia pumzi yake. Na Mama yangu, Mungu amhurumie, akawageukia wenzake macho yamejaa furaha akasema, “Imemwingia! Imemwingia shoga zangu! Mwacheni akalie kidogo, atarudi!” Wakapiga vigelegele kumsindikiza.

Ningeweza kupiga kelele. Ua wa makuti si ukuta. Ningeupasua kwa kichwa. Alikuwa bado hajafika barabarani. Ningesema nimekosea leso, mnichape, mnirudishie huyo mama. Sikusema. Watu huniita mcheshi mwenye mdomo, na siku moja tu niliyohitaji mdomo huo, ulikuwa umeshikwa na makuti.

Rama akatoka jikoni na sinia. Amevaa kanzu aliyoipiga pasi mara mbili, karafuu imemtangulia. Akakiona kiti chenye mto, kitupu. Akatazama mlangoni, akatazama kiti, kisha akamtazama Bi Riziki, ambaye sasa alikuwa amevikwa leso mabegani, anang’aa kama bibi harusi wa miaka sitini. “Amekwenda kupumua kidogo,” Bi Riziki akamwambia. “Leso imemgusa. Hebu nisomee mwanangu, wasikie wote, mamako ameambiwa nini.” Akageuka, akamwonyesha mgongo.

Rama alisoma kimya. Nilimwona akisoma. Alijua maneno yaliyotakiwa, maana Bi Riziki alikuwa amemwimbia wiki nzima, na alijua ni nani aliyetumwa dukani. Alisimama pale na sinia, mvuke unapanda mbele ya uso wake, na ndimi zote zimemngojea. Kisha akasoma kwa sauti, wazi, kila herufi mahali pake, “Mwana kwa mamaye hana kasoro.” Vigelegele vikapanda mpaka kunguru wakaruka. Rama aliliweka sinia chini mbele ya kile kiti kitupu, akainua macho, akayapitisha kwenye ua mpaka yakafika kwenye tundu langu.

Walikula. Waliusifu wali. Walimsubiri mgeni mpaka magharibi, kisha wakakubaliana haya imemzidi, atakuja wiki ijayo. Nilipotumwa kuchukua masufuria yetu, Rama alikuwa anakwangua ukoko. Hakunishika sikio, hakunitukana. Alisema bila kuinua kichwa, “Ulikuwa ukikosea kiuno, Hamisi. Leo umepatia.” Siku tatu baadaye chumba cha nyuma kilikuwa na mkeka uliokunjwa na mwiko wake wa mbao juu yake. Wengine walisema kavuka feri kwenda Mombasa, wengine wakasema kaelekea mpakani Lunga Lunga. Hatujamsikia tena.

Nilijaribu kurekebisha, hili nalo niliseme nisionekane jiwe tupu. Niliazima baiskeli nikaenda Waa. Bi Mwanamisi alikuwa anapepeta mchele.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba. Mwana wa nani?”

“Wa Mwanasha, wa Bongwe.”

Ungo ukasimama. Nikamwaga yote: leso pacha, duka, jina la Kiuno Mabegani, maneno waliyoyataka wao. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Wamekutuma?”

“Hapana bibi. Nimekuja mwenyewe.”

“Mtoto anayetumwa hufundishwa kusema hakutumwa,” akasema, tena kwa upole, na upole ule ndio ulioniua. “Mimi si mgeni wa mambo ya wanawake, mwanangu. Leso haiokotwi. Leso huchaguliwa. Miaka mitatu amekuja hapa kuniambia niubebe mzigo wangu. Siku nilipokwenda kuubeba, akanitangazia mbele za watu kwamba umemchosha. Mwambie nimesoma.”

“Wallahi bibi, ni mimi...”

“Usiape.” Akapepeta kidogo, mchele ukapanda ukashuka. Kisha akauliza kwa sauti nyingine kabisa, “Hajambo?”

“Ameondoka. Hatujui alikokwenda.”

Kuku walisogea wakadonoa ungoni, asiwafukuze. “Kumbe na yeye alisoma,” akasema. Wakati huo mvulana mdogo, mwanawe wa mwisho, alipita mbele yetu amevaa kofia ya kushonwa kwa mkono, tundu ndogo ndogo zile zinazomla mtu miezi, nyeupe, mpya. Ilikuwa kubwa, imemshuka mpaka masikioni. Kofia ya kichwa cha mtu mzima. Nikakumbuka kile kikapu kilichofunikwa, alichokuja nacho kwa Rama. Nilirudi Bongwe nikiikokota baiskeli kwa miguu. Sikuwa na haraka ya kufika popote.

Ukweli niliokuwa nao ulikuwa kama noti iliyochanika, hakuna anayeipokea. Na huku nyumbani Bi Riziki aliivaa leso ile. Aliivaa sokoni, akaivaa harusini, akaivaa kwenda kwa mama za watu, kwa sababu ilikuwa heshima pekee aliyowahi kupewa maishani. Mwambieni mtu aache kuvaa heshima yake. Wanaojua kusoma waliisoma, wakadhani Wakili amestaafu. Na kwetu ni ukosefu wa adabu kumuuliza mwanamke leso yake imesema nini, inatosha kwamba imesema. Kwa hiyo hakuna aliyemuuliza, naye hakuwa na namna ya kujua. Alishangaa tu. Alimwambia Mama, “Shoga, mbona siku hizi mama zao wananiuliza kwa nini nahangaika ilhali nimechoka? Nimewaambia mimi nimechoka?”

Kisha, mwezi wa kumi na moja, nimemaliza mtihani, nimekaa kwenye gogo ng’ambo ya njia namenya muwa, nilimwona kijana mmoja akija kutoka upande wa barabara. Hakuwa mkubwa kunizidi sana. Alibeba mfuko wa plastiki wenye nguo, jicho moja limevimba. Aliuliza watu wawili njia, wakamwonyesha kwa kidevu. Akafika mbele ya ua wa Bi Riziki, akainua mkono apige hodi. Leso ilikuwa imeanikwa kwenye kamba, imetandazwa vizuri kabisa, maandishi barabarani. Nikaona midomo yake ikisogea. Silabi kwa silabi. Mkono ukashuka. Nilitema muwa nikamwita, “Oya! Kaka! Siyo hivyo, ingia!” Akageuka akaniona, mvulana anayemkimbilia anapiga kelele. Sijui alikuwa amekimbizwa na wangapi kabla yangu. Alikimbia. Nilimfuata mpaka kwenye lami, na kila nilipozidi kukimbia ndipo naye alipozidi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama nikamwambia yote, tangu dukani.

Sasa ni mwaka mwingine. Niko bweni, na vijana wa huku hurushiana lile jiwe lenye pande mbili tangu kengele ya asubuhi mpaka ya kulala. Mimi bado ndiye mcheshi wa darasa, kazi ni kazi, ila jiwe hilo silirushi. Hakuna anayejua kwa nini, na sijamweleza mtu, maana nimeshaona maelezo yangu yanavyopokelewa. Nikirudi likizo naipita nyumba ya Bi Riziki. Amezeeka ghafla. Chumba cha nyuma sasa kimejaa makumbi ya nazi. Hakuna anayebisha, na kila Alhamisi bado hujitanda, akasimama mlangoni kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda, akarudi ndani. Leso imepauka, nyekundu imekuwa waridi, manjano imekuwa kama maji ya mchele. Maandishi, kwa kuwa ni meusi, hayajapauka. Mama alijaribu kumwambia mara mbili. Mara zote mbili Bi Riziki alikuwa amejifunga leso ile, na kabla Mama hajafungua mdomo aliilainisha kwa kiganja mapajani na kusema, “Unakumbuka siku ile Rama aliponisomea?” Mama akarudi nyumbani na maneno yake.

Sikusema Mama alisema nini siku ile nilipomwambia. Nilitegemea fimbo. Niliitamani, kwa kweli. Nilikuwa nimeshakunja mgongo. Hakuiendea. Aliendelea kushona kuti lake mpaka mwisho, akakata ukili wa kushonea kwa meno, akaliweka juu ya mengine ambayo hakuna anayeyanunua. Halafu akasema:

“Nilikutuma wewe kwa sababu ndiwe uliyejua kusoma.”